Inakatika, Imekatwa

Alhamisi, saa tatu na dakika hamsini asubuhi, Nyalenda, Kisumu. Marehemu Mzee Wakoli alikwama mara tano kabla hajamaliza kusalimu.

"Wanangu, wa-wa-wa-wanangu, na ninyi wa uko-ko-ko..." ilisema kompyuta juu ya meza ya sebuleni. Ikanyamaza kidogo kama mtu aliyesahau alichokuja kutafuta, kisha ikaendelea.

Bildad Mburu alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Hakuna kilichobadilika. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, magoti yalimuuma tangu alfajiri, na wiki hiyo alikuwa ameshatengeneza kompyuta kumi na moja katika kibanda chake cha Kibuye, zote za watu walioapa kwamba jana ilikuwa sawa kabisa. Kabla ya hapo alikuwa polisi wa redio kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu alidhani amemalizana na sauti mbovu. Wapi!

"Fundi, ni hivyo tu inafanya," alisema Wechuli, mtoto wa kiume wa marehemu, ambaye ni dereva wa gari la mikate. "Inakatikakatika. Leo hapa, kesho pale. Na Jumamosi tunaenda nyumbani Kimilili kusimika msalaba kwa kaburi. Ukoo yote itakuwa hapo. Baba alisema hii maneno yake ichezwe siku hiyo, kabla watu wakule."

"Alirekodi lini?"

"Februari. Alifungia watu wote nje, akarekodi peke yake. Akafa Aprili."

Wechuli alitazama mlango wa jikoni, akashusha sauti. Alikuwa na dada, Nekoye. Miaka tisa iliyopita litungu la Mzee, kinanda cha nyuzi alichoachiwa na baba yake, lilichomwa hadi likawa majivu. Wiki hiyohiyo Nekoye alikuwa amegombana na baba yake na kumwambia mbele ya wageni kwamba hicho kitu kichomwe. Mzee hakuhitaji shahidi mwingine. Aliapa mbele ya watu kwamba aliyechoma litungu asikanyage nyumba yake, na hata akifa asimtupie udongo. Nekoye hakubisha. Alibeba begi lake akaenda kupanga chumba Otonglo, na baba yake alipozikwa hakuja.

"Baba kabla afe aliniambia, 'Ya Nekoye nimemaliza, iko kwa kompyuta.' Hatukufungua mpaka jana. Sasa tukifika hapo kwa jina yake, mashine inakwama. Kama amemsamehe, hatusikii. Na bila neno ya Mzee, wazee hawawezi kumruhusu hata aguse huo msalaba. Fundi, dada yangu yuko hapa Otonglo tu. Ni kama nchi ingine."

Bildad alitoa daftari. Ilikuwa desturi ya polisi ambayo hata uzee haukuifuta: kabla hajagusa kitu, aliuliza kila aliyekuwepo swali lilelile na kuandika jibu kama lilivyotoka. Sauti ina shida gani?

Shantel, mke wa Wechuli, alijibu akiwa anafunga kamba za viatu vya mtoto. "Inakwamakwama tu. Hata nikiwekea huyu sinema yake ni hivyo hivyo. Hata nyimbo za mama za kwaya."

Mama Nabalayo, mjane wa marehemu, alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Ni yeye aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa lao. Kipaza sauti cha kurekodia nyimbo kilisimama kando ya kompyuta, kimevikwa soksi ya mtoto ili kisivume. Hakuinua macho.

"Fundi, usijisumbue. Mashine imezeeka kama mimi. Maneno ya Mzee imekatwa, basi. Watu watasikia ile imebaki."

Bildad aliandika majibu matatu, akaanza kazi.

Sauti inayokwama ovyo ni ugonjwa wa kuchosha kuliko yote, kwa sababu ukimwita mgonjwa mbele ya daktari anapona. Alibadilisha spika. Ikakwama. Akachomeka visikizi vyake mwenyewe. Ikakwama. Akazima kila programu iliyokuwa ikijifungua yenyewe, na zilikuwa nyingi kuliko wapwa kwenye sherehe. Ikakwama, mara nyingine kwenye salamu, mara nyingine kwenye habari za mlango wa ghala, kila safari mahali papya. Saa nne na nusu alifungua programu yake ya kupimia, ile inayoonyesha ni nani ndani ya mashine anayeshika njia na kuwazuia wengine kupita. Mstari ulilala chini, chini, kisha ukaruka ukawa mwekundu. Papo hapo Mzee akasema "ko-ko-ko".

Alisubiri uruke tena mara sita. Kila ukiruka, jina lilikuwa lilelile: kijidude cha kunasia intaneti kilichochomekwa nyuma ya mashine. Mtandao ulipopotea, na hapo Nyalenda unapotea kila dakika, kilianza kuutafuta kwa pupa, na kikitafuta hakuna mwingine aliyepata nafasi ya kufanya kazi, sauti ikiwemo.

Alikichomoa. Akacheza nyimbo za kwaya dakika ishirini mfululizo. Safi kama maji ya mtungi. Alisikiliza kwa masikio ya kazi, na hakuweza kukosa kuona ufundi wa Mama Nabalayo: kila alipounganisha ubeti na ubeti alikuwa amengoja waimbaji wavute pumzi, akaiacha pumzi nzima, ndipo akakata. Mshono wake haukuonekana. Mstari mwekundu haukuruka hata mara moja.

"Imepona?" aliuliza Wechuli.

"Imepona. Sasa tumsikize Mzee."

Mzee Wakoli alisalimu vizuri, akawashukuru waliokuja, akawaonya vijana juu ya pombe. Halafu, dakika ya nne na sekunde kumi na mbili: "Juu ya Nekoye nataka kusema hivi, hivi, hivi... basi, mambo ya nyumba ni hayo. Wechuli, ule mlango wa ghala urekebishwe."

Bildad alirudisha nyuma. Dakika ya nne na sekunde kumi na mbili. Hivi, hivi, hivi. Akazima mashine, akaiwasha, akacheza tena. Mahali palepale, mara tatu zilezile. Akanakili sauti kwenye simu yake. Na simu, ambayo haikuwa na kijidude wala uzee, nayo ikasema hivi, hivi, hivi.

Alijisikia mchovu ghafla. Ugonjwa wa mashine haukumbuki mahali. Hapa ulikumbuka. Ndani ya ugonjwa wa kweli mtu alikuwa ameficha wa kutengeneza, akijua kwamba kati ya kukwama mia moja hakuna atakayehesabu mia na moja. Angeweza kusema mashine imepona, achukue haki yake arudi Kibuye. Alifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha akasikiliza tena, safari hii akiliacha neno la Mzee na kusikiliza nyuma yake.

Nyuma yake kulikuwa na watoto. Shule ya chekechea ilipakana na ua huo, na siku ile ya Februari dirisha lilikuwa wazi. Walikuwa wanahesabu kwa pamoja, kwa sauti ya kuimba. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Hivi, hivi, hivi. Hamsini na nne. Hamsini na tano.

Saa tano na robo alikuwa kwenye lango la chekechea.

"Mwalimu, watoto wako wakihesabu, huwa wanaruka?"

Mwalimu Akello, mwanamke mnene mwenye rula mkononi, alimtazama kama aliyetukanwa. "Kuruka? Baba, hapa hakuna kuruka. Napiga meza, wanataja namba. Mmoja akikosea tunarudi kwa moja. Hata inspekta alisema tunachosha majirani."

"Kila siku saa ngapi?"

"Saa nne, kabla ya uji. Ngoja uone. Haya watoto!"

Rula ilipiga meza. Bildad alishika saa yake. Kutoka moja hadi thelathini na moja ilichukua sekunde arobaini kasoro moja. Akahesabu kwenye daftari. Kutoka thelathini na mbili hadi hamsini na tatu ni namba ishirini na mbili. Karibu nusu dakika ya maneno ya Mzee Wakoli ilikuwa imeondolewa.

Aliporudi alifungua taarifa za faili. Lilitengenezwa Februari tarehe kumi na moja, saa nne na dakika saba asubuhi. Lilibadilishwa mara ya mwisho Jumanne ya wiki hii, saa nane na dakika kumi mchana. Saa ya kompyuta na saa ya mkononi mwake zilikubaliana.

Alimwita Wechuli nje, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Jumanne saa nane mchana ulikuwa wapi?"

"Mbona? Kazini."

"Nyumba hii itabaki ya nani dada yako asiporudi?"

Uso wa Wechuli ukakunjamana. "Fundi, unataka kusema nini? Si mimi nimekuita?"

"Ndiyo maana nakuuliza. Mtu akitaka watu waamini mashine ni mbovu, huita fundi."

Wechuli aliingia kwenye gari la mikate, akatoka na kitabu cha kupelekea mizigo, akakitupa juu ya boneti. Jumanne, Luanda, saa nane kasoro dakika tano, muhuri wa duka. Jumanne, Maseno, saa nane na nusu, muhuri mwingine. "Huyo dada alinibeba mgongoni, mzee. Mimi nimkate?"

Bildad alimwomba radhi, naye Wechuli akakubali bila kumtazama. Walibaki wawili, na wote walikuwa nyumbani Jumanne.

Shantel hakuficha. "Nilikuwa hapa. Nilifua nguo huko nyuma mpaka saa tisa. Kompyuta sijaigusa."

"Kama ningekuambia utoe neno moja katikati ya wimbo, ungefanyaje?"

Shantel alicheka, akasogea kwenye mashine, akafungua wimbo, akabonyeza kitufe cha kufuta. Mashine ikamwuliza kama kweli anataka kutupa wimbo wote. Akarudisha mikono nyuma haraka. "Si unaona? Mimi ni wa kubonyeza sinema tu. Na huyo Nekoye sijawahi hata kumwona. Mimi niliolewa hapa wakati ameshaenda. Kwa nini nimkatie maneno?"

Bildad alikaa kwenye kochi, akafungua daftari pale alipoandika majibu ya asubuhi. Wechuli: inakatikakatika. Shantel: inakwamakwama. Mama: imekatwa.

Alikuwa ameliona neno hilo tangu saa nne kasoro, akalipita. Zamani, katika chuo cha mawasiliano cha polisi, walifundishwa na sajini mmoja wa Lamu aliyewapigisha magoti kwa ajili ya herufi. Mawasiliano yakikatika, alisema, mnatuma fundi na ngazi. Mawasiliano yakikatwa, mnatuma askari, maana kuna mtu na koleo. Bildad aliwahi kukosea hiyo moja kwenye daftari la zamu, na lori zima la askari likaenda kuvizia mti ulioanguka. Alitaniwa kwa hilo mwaka mzima.

Lakini Kiswahili cha Kisumu hakimfungi mtu. Watu hapa husema "kitu amekatwa" na "mtu imeanguka", na maisha yanasonga. Yeye mwenyewe, baada ya miaka thelathini mjini, bado wateja humcheka anaposema "kura ugali" badala ya kula. Neno peke yake lisingetosha. Alivaa visikizi, akasikiliza tena dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, polepole, mara nane. Kabla ya kisu, Mzee alivuta pumzi. Pumzi ilikuwa nzima. Aliyekata alikuwa amengoja.

Saa kumi jioni aliwaomba wote wakae sebuleni. Mama Nabalayo alikuja na ungo wake, ingawa maharagwe yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa tangu mchana.

"Mashine ilikuwa na ugonjwa, na nimeutoa," alisema Bildad. Alisema taratibu, kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika mwisho. "Lakini sehemu moja haikuwa ugonjwa. Jumanne, saa nane na dakika kumi, mtu alitoa nusu dakika kwa maneno ya Mzee. Halafu akachukua neno 'hivi', akalirudia, lifanane na kukwama. Watoto wa Mwalimu Akello wameruka namba ishirini na mbili, na wale hawaruki. Wechuli alikuwa Luanda. Shantel hawezi. Aliyekata alingoja pumzi iishe, kama anavyongoja kwa kwaya. Na asubuhi nilipouliza sauti ina shida gani, wawili walisema inakatika ama inakwama. Mmoja alisema imekatwa."

Shantel alimvuta mtoto karibu.

"Mama," alisema Bildad, "mimi si askari tena. Siwezi kukupeleka popote. Nauliza tu kwa sababu Jumamosi ni keshokutwa."

"Mayi?" Wechuli alimwita mama yake kwa lugha ya nyumbani. "Ni wewe?"

Mama Nabalayo aliweka ungo chini. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba debe la maji kwa mlima na sasa ameona pa kulitua.

"Nilichoma mimi."

"Ulichoma nini?"

"Litungu. Mwaka ile niliokoka. Kwa mkutano ya injili walisema vitu za mizimu zitolewe nyumbani, kila mtu achome yake. Yangu nilikuwa sina. Nikachoma yake." Alifuta mikono kwa leso, ingawa haikuwa na maji. "Nilidhani atakasirika wiki moja. Akarudi akaapa mbele ya watu, na kila mtu akamwangalia Nekoye, kwa sababu ya ile maneno alisema. Nilikuwa nataka kusema jioni. Jioni ikawa kesho. Nekoye akaenda. Ukikaa na uongo mwaka mmoja, Wechuli, unakuwa kama jiwe ya jikoni. Unapikia tu hapo."

Wechuli alisimama, akakaa tena. Macho yalikuwa mekundu. "Miaka tisa. Hata kwa mazishi. Alikuwa hapa Otonglo tu, na wewe ukaimba kwa kaburi."

"Niliimba."

"Na Jumanne?"

"Nilitaka kusikia kwanza kile ataambia watu. Nikasikia akinitaja."

Bildad aliuliza jambo lililokuwa likimsumbua tangu mchana. "Mbona hukufuta yote? Ungesema mashine imekula."

Alimtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ni sauti yake, fundi. Ningefuta aje sauti yake? Hata ile nilitoa sikutupa."

Alijiinua kwa shida, akaenda kwenye meza, akafungua mafaili ya kwaya. Kati ya mazoezi ya soprano na mazoezi ya besi kulikuwa na faili lililoitwa "Zaburi jaribio la saba". Akalibonyeza, akabaki amesimama na mkono kwenye kiti.

"Nekoye hakuchoma litungu," alisema Mzee Wakoli, bila kukwama. "Aliyechoma ni mama yenu. Nilijua mwaka wa pili, nilipata chuma za hiyo litungu kwa shimo ya majivu ya jiko yake. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshaapa, na niliona aibu kula maneno yangu mbele ya watu. Mama yenu aliogopa, mimi nilikuwa na kiburi, na mtoto ndiye alilipa. Nekoye, nyumba ni yako. Mama yenu nimemsamehe. Na yeye anisamehe."

Wechuli alilia waziwazi, kama mtoto, na Shantel akamshika bega. Mama Nabalayo hakulia. Alikuwa ameshayasikia Jumanne, na inaonekana machozi yake aliyamaliza siku hiyo, peke yake, wakati Shantel akifua nguo.

Bildad aliketi akitazama magoti yake. Alikuwa amekuja kutafuta mwizi wa nusu dakika, na sasa alikuwa na mwizi mwingine aliyekwisha kuzikwa. Watu wawili wazima walikuwa wamekula meza moja kwa miaka saba, kila mmoja akiijua kweli, kila mmoja akimwogopa mwenzake. Alichukia kazi hii siku kama hizo, na alichukia zaidi kwamba aliifanya vizuri.

"Jumamosi itachezwa yote," alisema Wechuli alipopata sauti. "Mbele ya ukoo."

"Icheze yote," alisema mama yake. "Lakini yeye asisikie mara ya kwanza mbele ya watu. Nipigie."

Wechuli alibonyeza simu, akaweka sauti ya juu, akailaza mezani. Iliita muda mrefu. Nyuma ya aliyejibu kulikuwa na kelele za soko la Otonglo, wanawake wakipanga bei ya nyanya.

"Wechuli?"

"Ni mimi, mama yako."

Upande wa pili kelele za soko ziliendelea.

"Nekoye, ile litungu..."

"Mayi, najua," alisema Nekoye. Sauti yake ilikuwa tulivu na ya kuchoka. "Nilikuwa kwa dirisha. Nilikuona ukiweka kwa moto. Ningesema, angekufukuza wewe, na Wechuli alikuwa bado shule. Nikaona mimi ni mkubwa, nitaenda kidogo mpaka useme. Nilikuwa nangoja tu useme."

Mama Nabalayo alishika ukingo wa meza.

"Kuja nyumbani. Kuja leo. Ulale hapa, Jumamosi tutoke pamoja."

"Sijui kama nitaweza kukusalimia."

"Usinisalimie," alisema mama yake. "Kuja tu."